Boga Lina Maji Yake: Namna ya Kuchagua, Kukata na Kupika Boga Gumu Nyumbani

Wapishi wengi huanza kupika boga kwa kubandika sufuria ya maji motoni, na hapo ndipo ladha yake inapoanza kupotea. Boga aina ya Butternut, likiwa bado bichi, ni maji kwa takriban asilimia 86 ya uzito wake, na boga la kawaida la rangi ya chungwa hukaribia asilimia 92. Kinachobaki baada ya maji hayo, yaani wanga, sukari, nyuzinyuzi na karotini inayolipa rangi, ni kidogo mno kuweza kustahimili lita nyingine ya maji ya bomba. Kwa sababu hiyo, kazi kubwa ya anayepika boga, tangu anapolichagua hadi anapolipakua, ni kuyatawala maji ambayo tayari limekuja nayo.

Boga linalozungumziwa hapa ni lile linaloachwa shambani mpaka likomae kabisa, ganda likawa gumu na mbegu zikakakamaa, kisha likavunwa na kuwekwa kwa wiki au miezi kabla ya kuliwa. Kwa hilo linatofautiana na zukini, ambayo ni ya spishi moja na baadhi ya maboga haya lakini huchumwa ikiwa changa na kuliwa pamoja na ganda na mbegu zake. Ukomavu huo ndio unaolipa boga gumu wanga na utamu wake, na ndio pia unaomletea mpishi taabu ya kulipasua.

Aina na tabia zake

Maboga asili yake ni bara la Amerika, na katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, wanaakiolojia walipata mbegu za maboga yaliyolimwa zenye umri wa takriban miaka 10,000. Tangu wakati huo zimepatikana aina nyingi kupita kiasi, lakini karibu zote zinazofika jikoni zinatoka katika spishi tatu, na kuzijua spishi hizo kunafaa kuliko kukariri majina ya aina mojamoja.

Ya kwanza ni Cucurbita moschata, ambayo ndiyo yenye Butternut, boga lenye shingo na ganda la rangi ya maziwa mazito. Nyama yake ni laini, nyuzi zake ni chache, ganda lake jembamba linamenyeka, na shingo yake imejaa nyama tupu bila mbegu hata moja. Boga la kwenye makopo linalotengenezwa nchini Marekani hutokana kwa sehemu kubwa na aina ya Dickinson, ya spishi hiyohiyo, wala si lile boga la mviringo la rangi ya chungwa ambalo watu wengi hulidhania.

Ya pili ni Cucurbita maxima, ambamo mna Kabocha, Buttercup na Hubbard. Haya ni maboga ya nyama nzito na kavu, yenye wanga mwingi, na yakiiva huwa ya unga kama kiazi kitamu. Ya tatu, Cucurbita pepo, ina Acorn, Delicata, boga la spageti na yale maboga ya chungwa yanayochongwa sura kwa ajili ya mapambo. Kundi hili kwa jumla lina maji zaidi, nyuzi nyingi zaidi na ladha hafifu, ingawa Delicata inajitenga na wenzake kwa kuwa ganda lake ni jembamba kiasi cha kuliwa bila kumenywa.

Ukubwa hauna uhusiano na utamu, na mara nyingi huwa kinyume chake. Boga lililopimwa mwaka 2023 katika mashindano ya Half Moon Bay, California, lilikuwa na uzito wa karibu kilo 1,247, nalo lilikuwa la spishi ileile ya Kabocha, lakini hakuna mpishi angelitamani kwa kula, kwa sababu mazao ya namna hiyo huzalishwa kwa ajili ya mizani. Kwa matumizi ya nyumbani, boga la kilo moja hadi mbili na nusu linatosha na linakatika. Kama ingenilazimu kuchagua moja tu, ningechukua Kabocha kwa mapishi makavu na ya kuoka. Lakini kwa mtu ambaye hajawahi kupika boga, ningemwelekeza kwenye Butternut, kwa kuwa humsamehe mpishi makosa mengi.

Kuchagua

Anza na kikonyo. Kikonyo cha boga lililokomaa huwa kikavu, kigumu na aghalabu chenye rangi ya kahawia, na inafaa kiwe kimebaki urefu wa sentimita tano hivi. Boga ambalo kikonyo chake kimeng'oka chote lina jeraha lililo wazi, na ukungu hupitia hapohapo, kwa hiyo haliwezi kuwekwa kwa muda mrefu hata kama linaonekana zima. Kwa sababu hiyohiyo, boga halishikwi kwa kikonyo linapobebwa.

Baada ya kikonyo, jaribu ganda kwa ukucha wa kidole gumba. Ganda la boga lililokomaa halipenyeki. Likiacha alama ya ukucha, boga hilo lilichumwa mapema na nyama yake itakuwa ya maji isiyo na utamu. Rangi iliyofifia, isiyong'aa, ni dalili njema, ilhali ganda linalometameta mara nyingi huwa la boga changa, isipokuwa kama limepakwa nta. Tazama pia doa la upande ulioegemea udongo: katika aina nyingi, doa la njano iliyokolea au la chungwa huashiria kwamba boga lilikaa shambani muda wa kutosha, na doa jeupe au la kijani kibichi huashiria haraka ya mvunaji. Mwishowe lipime mkononi, kwani boga zuri ni zito kuliko unavyolitarajia kwa ukubwa wake. Lililo jepesi limeanza kukauka ndani na nyama yake imeshakuwa nyuzi.

Ukinunua vipande vilivyokwisha kukatwa, tafuta nyama yenye rangi iliyokolea, iliyobana, isiyo na utelezi juu yake.

Kuliweka kabla ya kulipika

Boga zima halipaswi kuingia kwenye friji. Baridi ya chini ya nyuzi 10 za Selsiasi huliumiza, na madhara yake huonekana baadaye kwa madoa yaliyobonyea na uozo. Mahali panapolifaa ni pakavu, penye hewa inayozunguka, na joto la kati ya nyuzi 10 na 13. Palipo na joto zaidi ya hapo litakaa pia, ila kwa muda mfupi zaidi. Yapange bila kugusana, juu ya ubao au karatasi badala ya sakafu tupu, na yaweke mbali na matunda yanayoiva kama vile ndizi na tufaha, kwa sababu gesi ya ethilini inayotolewa na matunda hayo huharakisha kuharibika kwake. Kwa wastani Acorn hudumu mwezi mmoja hadi miwili, Butternut miezi miwili hadi mitatu, na Hubbard inaweza kufika miezi mitano au sita.

Kukaa huko si kungoja tu. Boga lililovunwa huendelea kupumua, likipoteza maji kidogo kidogo, huku sehemu ya wanga wake ikigeuka sukari. Kabocha iliyotoka shambani leo huwa kavu na isiyo na ladha ya kueleweka, lakini ileile baada ya wiki chache huwa tamu na laini. Ukiivuna mwenyewe, basi, usiione haraka ya kuipika. Acorn haifaidiki hivyo, na ni vyema iliwe mapema kabla nyuzi zake hazijakomaa zaidi.

Kulikata

Hapa ndipo watu wengi huliogopa boga, na hofu hiyo ina sababu, kwa kuwa kisu kinachoteleza juu ya ganda gumu la mviringo huishia mkononi. Osha boga kwa maji na brashi kabla ya kulikata, hata kama ganda litatupwa, maana kisu hukokota udongo wa juu na kuuingiza kwenye nyama. Kausha kabisa kwa kitambaa. Tandika kitambaa kilicholowa maji na kukamuliwa chini ya ubao wa kukatia ili ubao usisogee, na chukua kisu kizito chenye ubapa mrefu kuliko upana wa boga, kilichonolewa vizuri. Kisu butu ndicho hatari zaidi, kwa sababu hukulazimisha kutumia nguvu, na nguvu ikishazidi, hujui itaelekea wapi.

Kanuni ya msingi ni kwamba boga lisikatwe likiwa linabingirika. Kwa Butternut, lilaze, ondoa sentimita moja ya ncha ya kikonyo na sentimita moja ya kitako, kisha kata pale shingo inapokutana na tumbo ili upate vipande viwili vyenye pande bapa. Simamisha kila kipande kwa upande wake bapa na umenye kutoka juu kwenda chini. Ukishaondoa ganda la juu utaona tabaka jeupe, na chini yake mistari myembamba ya kijani inayofuata urefu wa boga. Hayo yote bado ni ganda, na hayalainiki hata boga likiiva namna gani. Yakibaki, mlaji atakutana nayo mdomoni kama vijiti. Pitisha kisu cha kumenyea mara ya pili, na ikibidi ya tatu, mpaka rangi ya chungwa iwe imekolea pande zote.

Kabocha hukatwa kwa namna nyingine. Usijaribu kupitisha kisu kwenye kikonyo chake, ambacho ni kigumu kama kuni. Choma ncha ya kisu kando ya kikonyo, ndani ya bonde lililo kati ya mbavu mbili, kisha ishushe sehemu ya nyuma ya kisu taratibu mpaka chini. Zungusha boga na ufanye hivyo upande wa pili. Vipande vitabaki vimeshikana kwenye kikonyo tu, navyo utavitenganisha kwa mikono, kwa mlio mkavu wa kupasuka. Kuimenya ikiwa mbichi ni kujitesa, na hakuna haja, kwa kuwa ganda lake la kijani hulainika likiokwa na huliwa, na asiyelitaka anaweza kuikwangua nyama kwa kijiko baada ya kuiva. Ama Hubbard kubwa, wako wanaoitia ndani ya mfuko safi na kuibwaga sakafuni ipasuke yenyewe, na kusema kweli ni njia salama kuliko kupambana nayo kwa kisu.

Anayeona ganda limemshinda ana njia mbili za kulilainisha. Moja ni kulitoboa boga mara tano au sita kwa ncha ya kisu na kuliweka kwenye mikrowevu kwa dakika mbili au tatu, kisha kuliacha lipoe kidogo kabla ya kulikata. Ya pili ni kuachana na kisu kabisa: litoboe vivyo hivyo, liweke zima ndani ya oveni yenye nyuzi 190 kwa saa moja au zaidi mpaka ncha ya kisu izame bila upinzani, ndipo ulipasue na kutoa mbegu. Matundu hayo ni ya lazima, kwa sababu mvuke uliokosa pa kutokea unaweza kulipasua.

Majimaji ya boga bichi, hasa ya Butternut, huacha utando kwenye ngozi. Mikono huwa mikavu, hukaza na hata kuchubuka, na sabuni haiuondoi upesi. Vaa glavu, au paka mafuta ya kupikia viganjani kabla ya kuanza.

Mbegu na nyuzi zake hutolewa kwa kijiko chenye ukingo mkali, na nyuzi zinazong'ang'ania hukatwa kwa mkasi. Zitoe zote, kwa sababu zikibaki hushikilia maji na kuipa rojo (boga lililopondwa) mikwaruzo.

Kabla ya kuendelea, onja kipande kidogo kibichi. Boga bichi lina ladha hafifu yenye utamu kidogo. Likiwa chungu, tema na ulitupe lote, bila kujaribu kuuficha uchungu huo kwa sukari au viungo. Uchungu huo hutokana na kemikali ziitwazo kukabitasini, ambazo ni sumu na haziharibiwi na moto. Hatari ni kubwa zaidi kwa maboga yaliyoota yenyewe, au yaliyotokana na mbegu za nyumbani karibu na maboga ya mapambo, kwa sababu huchavushana. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la JAMA Dermatology lilichapisha taarifa ya wanawake wawili nchini Ufaransa waliougua tumbo baada ya kula boga chungu na wiki chache baadaye wakapoteza nywele nyingi.

Kuoka, njia inayopaswa kuja kwanza

Joto kavu hufanya mambo mawili kwa pamoja: hufukuza maji, na hukausha uso wa nyama mpaka sukari yake ipate rangi ya kahawia. Kwa vipande, kata mchemraba wa sentimita mbili na nusu, ukijitahidi vilingane ili viive kwa wakati mmoja. Vikaushe kwa kitambaa, vichanganye na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kwa kila nusu kilo na chumvi kiasi, kisha vitandaze kwenye sinia pana ya kuokea. Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 200 hadi 220. Vipande visigusane, vikirundikana, maji ya kimoja huwa mvuke wa kupikia kingine, na utapata boga lililochemka ndani ya oveni. Ni afadhali kutumia sinia mbili kuliko kuvibana katika moja.

Usivichokonoe kwa dakika 20 za mwanzo. Upande ulio chini unahitaji muda huo kushikana na bati, kukauka na kujiachia wenyewe. Ukivigeuza mapema, huvunjika na kuacha ngozi yao nzuri kwenye sinia. Vigeuze mara moja tu, kisha viendelee kwa dakika 10 hadi 15. Vimeiva pale kingo zinapokuwa za kahawia, kisu kinapopenya bila kusukumwa, na kipande bado kinashika umbo lake. Viungo vya unga kama mdalasini, bizari na paprika, pamoja na asali au sukari, vitiwe katika dakika 10 za mwisho, kwa kuwa huungua na kuwa vichungu kabla boga halijaiva. Mbegu nzima za bizari nyembamba, kitunguu saumu kisichomenywa na matawi ya rosemari vinaweza kuingia tangu mwanzo.

Kwa nusu za boga zisizomenywa, swali ni upande gani ulale chini. Nusu ikifudikizwa, mvuke hubanwa chini yake na nyama hulainika haraka, lakini haipati rangi. Ikiachwa imekaa kama bakuli, uso hukauka na kupata rangi, ila maji hukusanyika shimoni na muda wa kuiva huongezeka. Njia ya kati ndiyo bora: ipake mafuta na chumvi, ifudikize kwa dakika 30, kisha igeuze na uioke kwa dakika nyingine 15 hadi 25. Nusu inayokusudiwa kujazwa wali au nafaka nyingine iokwe kwanza ikiwa tupu, na maji yatakayokuwa shimoni yamwagwe kabla ya kutia kijazio.

Boga la spageti lina utaratibu wake. Nyuzi zake zimejizungusha kuzunguka tumbo la boga, hazifuati urefu, kwa hiyo ukilikata kwa kulikingama utapata nyuzi ndefu, na ukilipasua kwa urefu utakuwa umezikata. Linyunyizie chumvi ndani, liache dakika 15, futa maji yatakayotoka, kisha lioke likiwa limefudikizwa kwa dakika 35 hadi 40. Litoe likiwa bado na ukakamavu kidogo na uchambue nyuzi kwa uma.

Pasipo oveni

Kwa mvuke, vipande vya sentimita mbili na nusu huiva kwa dakika 10 hadi 15, na huu ndio mbadala wa karibu zaidi. Asiye na chombo cha mvuke anaweza kupanga vipande vikubwa, ganda likiwa chini, ndani ya sufuria yenye kitako kizito, akatia nusu kikombe tu cha maji, akafunika vizuri na kupunguza moto. Baada ya muda mfupi boga litaanza kutoa maji yake na kujipika ndani yake. Likishalainika, ondoa kifuniko na uongeze moto kidogo mpaka maji yaliyobaki yakauke. Anayependelea kulipwaza kwenye maji mengi aache ganda lake, akate vipande vikubwa ili pasiwe na nyuso nyingi za kunyonya maji, aliepue mara tu linapoiva, na ayatunze maji hayo kwa supu, kwa kuwa sehemu ya utamu imeshahamia humo.

Kukaanga kunafaa kwa vipande vyembamba vya Kabocha au Butternut, vya unene wa nusu sentimita, kwenye kikaango chenye mafuta machache na moto wa wastani, dakika tatu au nne kila upande.

Rojo na supu

Rojo ndiyo msingi wa keki, mikate, supu na vyakula vya watoto, na ndiyo inayoharibika zaidi kwa maji. Kilo moja ya boga bichi hutoa kati ya gramu 500 na 700 za rojo, kutegemea aina na unene wa ganda. Iponde au isage nyama iliyookwa, kisha ipime kwa kijiko: ukiweka rundo dogo kwenye sahani na maji yakaanza kujitenga pembeni yake, bado haifai kwa keki. Unaweza kuitandaza kwenye kitambaa safi juu ya chujio na kuiacha ichuruzike kwa saa moja, lakini njia ninayoiamini zaidi ni kuirudisha motoni. Itie kwenye kikaango kipana, moto wa chini, na uikoroge kwa mwiko bila kuiacha. Mwanzoni hutokota na kurusha matone, kwa hiyo simama mbali kidogo. Baadaye sauti hubadilika na kuwa ya kuchacharika, rangi hukolea kutoka chungwa jepesi kuelekea kahawia, na harufu inakuwa ya sukari inayoanza kuungua. Ukivuta mwiko katikati ya kikaango na njia ikabaki wazi kwa sekunde chache kabla ya kujifunga, rojo iko tayari. Rojo ya Kabocha mara nyingi haihitaji haya yote, na pengine itahitaji kulegezwa kwa maziwa.

Kwa supu, kaanga kitunguu maji kwa moto mdogo hadi kiwe laini na kitamu, ongeza kitunguu saumu na tangawizi, kisha boga lililookwa. Mchuzi wa kulegezea uingie kidogo kidogo, ukianza na nusu ya uzito wa boga, kwa kuwa supu nzito hulegezwa kwa urahisi ilhali iliyo nyepesi itakurudisha jikoni kwa nusu saa. Ukisaga kwa blenda ikiwa ya moto, jaza jagi nusu tu, ondoa kiziba kidogo cha katikati ya kifuniko na ufunike tundu hilo kwa kitambaa kilichokunjwa; mvuke uliozibwa hurusha kifuniko na kuunguza. Maji ya limau au siki hutiwa mwishoni, kwanza kwa sababu huamsha ladha ya chakula hiki kitamu kinachoelekea kupooza, na pili kwa sababu asidi ikiingia mapema huzuia mboga kulainika.

Usiogope kulitia boga mafuta. Gramu 100 za Butternut mbichi zina takriban mikrogramu 532 za vitamini A, ilhali mtu mzima huhitaji kati ya 700 na 900 kwa siku, lakini vitamini hiyo imo katika umbo la karotini, ambayo mwili huifyonza vizuri ikiambatana na mafuta. Siagi, tui la nazi, krimu au mafuta ya mimea, kijiko kimoja au viwili kwa sufuria, vinatosha.

Kilichobaki

Boga bichi lililokatwa hufungwa vizuri na kukaa kwenye friji kwa siku nne au tano. Lililopikwa liingie kwenye friji ndani ya saa mbili baada ya kuiva na liliwe ndani ya siku tatu au nne. Kwenye friza rojo hudumu miezi mingi bila kupoteza sifa zake. Igandishe katika vipimo vya kikombe kimoja kimoja, kwenye mifuko iliyobanwa iwe bapa, na uandike tarehe. Ikiyeyuka itatoa maji, nayo yachujwe kabla ya matumizi.

Kitu kimoja kisijaribiwe nyumbani ni kuhifadhi rojo ya boga kwenye chupa zilizofungwa ili zikae kabatini. Boga halina asidi ya kutosha kumzuia bakteria anayesababisha ugonjwa wa botulizimu, na rojo ni nzito kiasi kwamba joto haliingii katikati kwa uhakika hata ndani ya sufuria ya presha. Idara ya Kilimo ya Marekani inaelekeza kuhifadhi kwa chupa vipande vya mchemraba tu, tena kwa sufuria maalumu ya presha, na rojo ipelekwe kwenye friza.

Mbegu

Zitie mbegu kwenye bakuli la maji na uzisugue kwa vidole. Mbegu huelea na nyuzi hujitenga. Zichemshe kwa dakika 10 katika maji yenye chumvi, ili chumvi ipenye ndani ya ganda badala ya kubaki juu, kisha zichuje na kuzikausha vizuri kwa kitambaa. Zichanganye na mafuta kidogo, zitandaze katika safu moja, na uzioke kwa nyuzi 165 kwa dakika 15 hadi 25, ukizigeuza mara mbili au tatu. Jaribu moja baada ya kuiacha ipoe, kwa sababu ikiwa ya moto huwa laini hata kama imeiva. Mbegu za Butternut na Acorn huliwa pamoja na ganda lake. Za Kabocha zina ganda nene, na wengi huona afadhali kulibangua. Zile mbegu za kijani zisizo na ganda gumu ni za maboga ya aina maalumu ya Cucurbita pepo, yanayolimwa sana katika jimbo la Styria nchini Austria kwa ajili ya mafuta yake meusi ya kijani, kwa hiyo usishangae usipozipata ndani ya boga lako. Zilizookwa ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunika kwenye chombo kisichopitisha hewa.